Ua wa Mwali

"Mama, njoo uniinue."

Pili aliacha uji jikoni, akaenda chumbani. Mwanawe Mwanvita alikuwa mwali, amewekwa ndani tangu avunje ungo. Miezi kumi sasa hajatoka nje, dirisha limezibwa kwa khanga. Alikula akashiba. Lakini mapaja yalimlegea, mifupa ikamuuma, na kusimama peke yake hakuweza.

Pili alichanganyikiwa. Mtoto anakula kuku, anaumwa nini? Tangu biashara huria ije, maduka ya mtaani kwao Kihonda yalijaa dawa. Alinunua dawa ya kuongeza damu, wapi! Bibi yake Mwanvita akasema amerogwa. Shoga yake Pili akasema ni uvivu. Amsikilize nani? Ngoma ya kumtoa mwali ilibaki miezi minne. Pili aliogopa mwanawe atakuwa kiwete.

Jirani yao Yustina, muuguzi wa zahanati, akaja kumwona, akamkuta Bibi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Yustina alimtazama Mwanvita akijikongoja kuinuka. "Jua umelipata lini mara ya mwisho?"

"Mwali na jua wapi na wapi?" Pili akadakia.

"Basi tuanzie hapo, dada. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Ikikosekana, mifupa hulainika na misuli huishiwa nguvu. Uji na kuku pekee haviirudishi."

"Mbona mimi niliwekwa ndani miaka miwili kule kijijini mlimani, na natembea?" Bibi akauliza.

Hapo Pili akazidi kuchanganyikiwa. Yustina akamgeukia Bibi.

"Bibi, hukuwa unatoka kabisa?"

"Uani nilitoka kila siku. Nilisuka ukili wa mikeka. Kulikuwa na ua wa matete, nani angeniona?"

Wote wakatazamana. Nyumba ile ya kupanga haikuwa na ua. Mila waliihamishia mjini, ua wakausahau mlimani.

Kesho yake Pili na Bibi walizungushia ua wa matete nyuma ya nyumba. Hospitali ikampima Mwanvita, ikampa vidonge vya vitamini D. Kila siku akaota jua humo uani, mikono na miguu wazi. Akala mayai na dagaa.

Siku ya ngoma, mjomba wake Stambuli aliinama ambebe begani, kama mila ya kumtoa mwali inavyotaka.

"Ngoja kwanza, mjomba," Mwanvita akasema.

Akainuka mkekani mwenyewe, bila kushika kitu. Pili alilia mbele za watu, wala hakuona haya.