Chumvi ya Mikono Mitatu

Mama ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani, karibu na dirisha, na jikoni ni chumba cha pili tu. Akishika kitambaa, nyumba nzima inajua kuwa haulizwi kitu. Mshono ukienda kombo kwa sababu yako, utamtambua.

Mchana mmoja binti yake aliingia mbio. Ana miaka kumi na moja, na kwa vile hafungi mdomo, wanamwita Chiriku. Mkononi alikuwa na dumu dogo lenye mfuniko.

"Mama! Bibi! Nimechaguliwa!"

Cherehani ikasimama. "Umechaguliwa nini, mwanangu?"

"Kupimwa chumvi! Muuguzi amekuja shuleni. Nikojoe humu siku nzima, nisimwage hata tone!"

Bibi, mama mzaa baba, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Makubwa! Siku hizi na mkojo unapelekwa shule?"

"Bibi, chumvi tunayokula, nyingi hutoka na mkojo. Ndivyo wanavyojua tunakula kiasi gani."

Siku ya mapumziko Chiriku aliamka, akakojoa chooni mara ya kwanza, kama alivyoelekezwa. Kuanzia hapo kila tone liliingia dumuni, hadi ule mkojo wa kwanza wa asubuhi iliyofuata. Hakwenda hata kucheza, asije akabanwa akiwa mbali na dumu lake.

"Limepanda!" alitangaza kila alipotoka chooni.

"Hongera, mheshimiwa!" baba alimjibu kutoka uani. Yeye ni fundi baiskeli. Siku ile nyumba ilichangamka kweli.

Majibu yalipotoka, muuguzi alikuja nyumbani mwenyewe. Hakuwa na uso wa kucheka.

"Mama, binti yako anakula chumvi karibu mara mbili ya ile inayomfaa. Na shuleni tumempima presha zaidi ya mara moja. Iko juu kwa mtoto wa umri wake."

"Presha? Mtoto huyu?" Mama alishtuka. "Presha si ya watu wazima?"

"Hata watoto huipata. Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji. Damu inaongezeka kwenye mishipa, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Mtoto anaweza asisikie chochote. Lakini presha ikiachwa miaka mingi, inaharibu moyo na figo, na inaweza kuleta kiharusi."

Mama alimvuta Chiriku akampakata, mkubwa hivyo hivyo alivyo. Hofu ilimshika mama.

"Lakini mimi natia chumvi kidogo!" alisema. "Kijiko kimoja cha chai, sufuria nzima. Haki ya Mungu!"

"Nani mwingine anaingia jikoni?" muuguzi aliuliza.

Bibi akakohoa. "Mimi huongeza kidogo. Namwona mkwe wangu yuko kazini, nadhani amesahau. Na nitamuulizaje akiwa anashona? Mimi nina roho ngapi?"

Wote wakamgeukia baba. Alikuwa anafuta grisi kwenye vidole vilivyokwisha kuwa safi.

"Nikipita kunywa maji, nafunua sufuria," alisema. "Natupia kidogo tu. Namsaidia mke wangu."

"Na mezani unaongeza tena kabla hujaonja!" Chiriku alimsemea.

Muuguzi alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. "Kumbe hapa hakuna mlafi wa chumvi. Kuna mikono mitatu isiyoulizana!"

Mama naye akacheka, huku machozi yanamtoka.

"Sasa sikilizeni," muuguzi alisema. "Chumvi itiwe na mtu mmoja. Mtu mzima, kwa siku nzima, chumvi yake yote isifike kijiko kimoja cha chai. Mtoto apate pungufu ya hapo. Na hesabuni pia ile iliyomo kwenye mkate, viazi vya kukaanga vya dukani na vidonge vya kukolezea mchuzi. Tumieni chumvi yenye madini joto, na mezani isikae. Ladha itoke kwenye vitunguu, tangawizi na ndimu. Punguzeni kidogo kidogo, ulimi utazoea."

"Atie nani?" bibi aliuliza.

"Mimi!" Chiriku aliruka. Hakuna aliyembishia.

Mwanzoni baba alinuna. "Mchuzi umepooza huu."

"Kamulia ndimu, baba."

Alikamulia, akala. Miezi ikapita. Siku moja walialikwa kwa jirani, na baba akaonja, akamnong'oneza mama, "Hawa wamemwaga pakiti nzima?"

Muuguzi aliporudi kumpima Chiriku, mama aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akaja kusimama karibu. Mkanda wa kipimo ulijaa hewa, kisha ukalegea.

"Imeshuka!" muuguzi alisema. "Sasa ni presha ya mtoto mwenye afya. Na mkojo aliokusanya safari hii una chumvi pungufu sana kuliko ule wa kwanza."

Bibi akapiga vigelegele. Mama alimkumbatia Chiriku, akamkumbatia na muuguzi. Furaha ilimzidi, akasahau hata kumfungulia mteja aliyekuwa anabisha hodi mlangoni.

"Baba," Chiriku alisema, "na wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi? Mimi mzima kama chuma. Sisikii chochote."

"Hata mimi sikuwa nasikia chochote."

Baba alimtazama binti yake. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya muuguzi, akakunja mkono wa shati.