Sosi Haingoji Wageni

Umulisa alipasua yai la kwanza juu ya sahani, akamsogezea Shafiq ajionee mwenyewe.

"Angalia ute wake. Unakimbia sahani yote. Hii mayai iko ya zamani."

"Oya, si kweli, nimeitoa Kabuga asubuhi hii."

"Umeitoa asubuhi, sikatai. Kuku ndio hawakutaga asubuhi."

Shafiq alikuwa kijana wa Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini, mwenye pikipiki yake na maneno yake matamu, na kwenye mlango wa nyuma wa nyumba moja ya wageni huko Kimihurura alikuwa amezoea kuacha trei za mayai na kuondoka akipiga mluzi. Siku hiyo Umulisa, mpishi mpya aliyemaliza kufundishwa jikoni humo, alimrudishia trei zote, tena bila kumpandishia sauti. Ilikuwa mwaka 1992, barabara ya Kabuga ina vizuizi vya vita, askari wanafunua trei moja moja kama wanatafuta kifaranga, na yeye alikuwa ametoka jasho kweli kuyafikisha yale mayai.

Lakini Umulisa alikuwa na sababu. Yeye hakaangi wala hachemshi yai na ganda lake. Analipasua kwenye kikombe, analitelezesha ndani ya maji ya moto yasiyotokota, yenye tone la ndimu. Yai jipya linajikusanya, linajifunika lenyewe kwa ute wake, linatoka mviringo, laini, jeupe. Yai la zamani linatawanyika nyuzi nyuzi, sufuria nzima inageuka uji. Alimweleza Shafiq hayo yote taratibu, kisha akamwambia akitaka kuendelea kuuza pale alete yaliyotagwa jana, si juzi.

Jumapili iliyofuata Shafiq alikuja na trei moja tu. Alikuwa amezunguka Kabuga nyumba kwa nyumba, anauliza akina mama kuku wao wametaga lini, hadi wengine wakamdhania ana matatizo kichwani. Umulisa alipasua yai moja, akatazama, akatabasamu kidogo. Kisha akasema asiondoke, akae hapo kwenye kiti, ale.

Hapo ndipo kijana wa watu alipokwisha.

Biryogo alikokulia, yai lililoiva ni lile ukilidondosha sakafuni linadunda. Sasa aliwekewa mkate uliobanikwa, juu yake mchicha, juu ya mchicha yai jeupe linalotikisika, na juu ya yote sosi ya manjano, nzito, inayong'aa, inashuka pembeni bila haraka. Alichoma yai kwa uma. Kiini kikatoka, kikachanganyika na sosi, na chumvi, na siagi, na ule uchachu mdogo wa ndimu unaokuja mwishoni. Alikula yote. Alipomaliza aliinua sahani, akauliza hii kitu ni nini.

"Sosi olandezi," alijibu Umulisa. "Ni viini vya mayai, siagi na ndimu. Basi."

"Basi? None se, sasa mbona mama zetu wana mayai na siagi na ndimu, na hawajawahi kutupa hii?"

"Kwa sababu haitaki kuachwa. Unaikoroga juu ya mvuke, hukai, huongei na mtu. Ukigeuka tu, inakatika, mafuta huku, mayai kule."

Mzee Damascène, mpishi mkuu wa pale, aliyewapikia wageni tangu ujana wake, alikuwa akisikiliza huku akikata nyama ya nguruwe ya sahani za wateja. Hiyo alikuwa akiipika mwenyewe, kwa sufuria yake na uma wake, maana Umulisa ni Mwislamu na hakuigusa. Alimwambia Shafiq kwamba yeye ndiye aliyemfundisha huyu binti ile sosi, na kwamba tangu hapo yeye mwenyewe hajathubutu kuitengeneza mbele ya binti. Alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayemsifia mwanawe.

Mapenzi yalianza hapo, na sitawachosha na yaliyofuata, maana mnayajua. Mayai ya Kimihurura yakawa mapya kuliko ya mjini kote. Shafiq alijifunza kukaa kwenye kile kiti na kumwangalia Umulisa anavyokoroga, mkono unazunguka pole pole, macho hayatoki kwenye bakuli, na mara nyingine alipewa akoroge yeye, akasimamiwa, akagombezwa, akapewa tena. Alimpenda akiwa kimya, akampenda akiwa mkali. Alipomwambia anataka kumwoa, Umulisa alimjibu amwambie mama yake kwanza.

Na mama yake, jamani. Mama Shafiq alikuwa mjane muuza vitenge, na pilau yake inajulikana mtaa mzima. Alikuwa ameshamchagulia mwanawe binti wa kaka yake, huko Bujumbura. Habari za Umulisa zilipomfikia, alisema hataki msichana anayewachemshia wazungu mayai mabichi. Shafiq akabembeleza, akanuna, akasusa chakula. Mwishowe mama akatoa neno lake. Atakwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Maneno, baba yake Umulisa, atamwona huyo binti na kula alichopika. Asiporidhika, baada ya Idi Shafiq anaenda Bujumbura kuoa, na maneno yameisha.

Shafiq alipiga simu kutoka dukani, ikapokelewa Kimihurura, Umulisa akaitwa.

"Mama yangu anakuja kwenu Jumapili."

"Kufanya nini?"

"Kukuonja. Akikukataa mimi naenda Bujumbura. Umulisa, ninakuomba, pika pilau tu tuokoke."

"Pilau ya mama yako naiweza?"

"Hakuna mtu anaiweza."

"Basi nitapika yangu. Akinikataa, anikatae mimi mwenyewe, si mimi niliyejifanya yeye."

Shafiq alirudisha simu mahali pake, akawasha pikipiki kwenda Kabuga kuagiza mayai ya Jumapili.

Jumapili ilifika. Kule kwao kuna taratibu zake siku kama hiyo. Mkwe akiingia, binti anatoka alipo, anapiga magoti, anasalimia, anakaa kwenye mkeka kichwa chini, anaulizwa ya kwao na ya mababu zao, na hainuki mpaka aambiwe inuka. Bwana harusi mtarajiwa haonekani kabisa uani kwa wakwe, sembuse jikoni. Umulisa alikuwa amepanga vizuri. Angesalimia kwanza, angeulizwa, angeruhusiwa, ndipo akakoroge sosi yake. Kosa lake lilikuwa kumwamini shangazi yake Mukeshimana, aliyerudi mbio kutoka kona ya mtaa kusema mgeni ameshaingia kwa jirani, na mkwe ametuma neno kwamba hana muda wa kukaa, chakula kiwe tayari. Umulisa akaweka bakuli juu ya maji ya moto, akaanza.

Akasahau anaishi Biryogo. Mama Shafiq alisimama kila mlango. Huku pole ya msiba, kule hongera ya mtoto, pale bei ya vitenge. Na alipoingia kwa Mzee Maneno, sosi ndiyo kwanza ilikuwa imeshika, nzito na inang'aa, na haikuwa tena na uwezo wa kungoja mtu.

Shafiq alikuwa ameleta mayai kwa mlango wa nyuma, anajiandaa kutoroka kabla mama yake hajamwona. Sauti ya shangazi ilisikika kutoka sebuleni, ikimwita Umulisa aje asalimie. Umulisa aliangalia bakuli, akaangalia mlango, na machozi yakamlengalenga.

"Nipe waya wa kukorogea," Shafiq alisema.

"Mama yako atakukuta humu."

"Sosi ikikatika anakuacha wewe. Mimi hawezi kuniacha, nimeshazaliwa. Nenda."

"Ikianza kushikana, itoe juu ya maji. Usiiache hata kidogo, Shafiq."

"Yego. Nenda."

Alijifunga kitenge kiunoni, akachutama mbele ya mbabura ya makaa, akaanza kukoroga.

Sebuleni Umulisa alipiga magoti, akasalimia, akakaa. Mama Shafiq hakuwa na haraka yoyote tena. Aliuliza ukoo wa baba, akauliza marehemu mama yake alikuwa mtu wa wapi. Aliuliza juu ya nyama ya nguruwe kazini kwake, na Umulisa akamweleza ya Mzee Damascène na sufuria yake, mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza maswali ya shule. Umulisa alijibu yote kwa adabu, lakini masikio yake yalikuwa uani, na shingo ilikuwa inamgeuka yenyewe.

"Mbona unaangalia mlango?" mama aliuliza.

"Kuna kitu iko motoni, mama."

"Nani anakiangalia?"

Shangazi Mukeshimana alikuwa amekaa palepale, na hakukuwa na mwanamke mwingine nyumbani. Umulisa angeweza kusema jirani. Angeweza kusema hakuna mtu. Alijua akisema kweli huenda ameshapoteza mume hapohapo, kwenye mkeka. Lakini hakutaka kuingia kwa mkwe na uongo mkononi.

"Shafiq," alisema.

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Mzee Maneno alikohoa, akatazama dari. Mama Shafiq aliinuka, akatoka uani, na Umulisa akamfuata nyuma.

Walimkuta na kitenge chake kiunoni, jasho linamtiririka, macho ndani ya bakuli. Hakugeuka.

"Mama, usinisemeshe sasa. Ikikatika, kosa ni langu."

Mama alisimama. Aliangalia mkono wa mwanawe unavyozunguka, taratibu, bila kukosea. Aliangalia ile sosi, manjano na laini, haina hata chembe. Umulisa alipita pembeni yake, akapasua yai, akalitelezesha kwenye maji, akalingoja, akalitoa kwa kijiko chenye matundu. Akapanga mkate, mchicha, yai. Shafiq akamwaga sosi juu.

Mkwe hali jikoni, hilo nalo linajulikana. Mama Shafiq alivuta kibao, akakaa mbele ya mbabura, akapokea sahani. Aliligusa yai kwa uma likatikisika, akasema hili halijaiva.

"Limeiva, mama," Umulisa alijibu. "Ute umeshika. Kiini nimekiacha kilegee kwa makusudi, kionane na sosi."

Alikula. Mwanzoni kidogo kidogo, kama anayetafuta kosa. Halafu akaacha kutafuta. Alimaliza yote, akafuta sahani kwa mkate, akaiweka mapajani.

"Ni tamu," alisema. "Tamu sana, sisemi uongo mbele ya chakula. Lakini si yai lililonimaliza."

Alimwangalia Shafiq, ambaye sasa alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Siku niliyokuzaa wewe, uchungu ulinikuta kwenye moto, napikia wageni wa baba yako, Mungu amrehemu. Niliita mtu anishikie mwiko. Walikuwa wamejaa sebuleni. Hakuna aliyeinuka. Pilau iliungua, na mpaka leo wanaokumbuka siku ile wanakumbuka pilau."

Umulisa alilia hapo, waziwazi, na Mama Shafiq akamshika mkono, akamvuta akae karibu yake. Aliwaambia Bujumbura atapiga simu yeye mwenyewe kesho. Kisha akamwita Mzee Maneno aje hukohuko jikoni wapange siku.

Walioana kabla ya Idi. Wapishi wa pilau walikuwa wanaume wa mtaa, kwa amri ya Mama Shafiq, na yeye siku hiyo alikaa kitini tangu asubuhi. Habari ya uani kwa Mzee Maneno ilikuwa imeshazunguka Biryogo nzima, na jirani mmoja akashindwa kuvumilia. Akamwinamia Mama Shafiq katikati ya vigelegele, akamuuliza kama ni kweli alimkuta mwanawe jikoni kwa wakwe, amejifunga kitenge.

"Ni kweli, nilimkuta," alisema Mama Shafiq. "Wa kwako ukimhitaji, utamkuta wapi?"