Uso wa Majaribio

Mstari ulikuwa mwembamba kama uzi, umepita kwenye paji la uso wa Tone kutoka kushoto hadi kulia. Mama Rangi aliichukua ile picha iliyotoka sasa hivi kwenye printa, akaisogeza dirishani, akaguna. Matundu ya wino yameziba, basi. Mtu aliyezeekea uchapaji hakosi usingizi kwa jambo kama hilo.

Tone alikuwa mwanawe wa pekee, msichana wa miaka tisa, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizaliwa kadogo mpaka wauguzi wakacheka. Kila asubuhi, kabla ya kazi ya mteja yeyote, Mama Rangi alichapa kwanza picha yake. Wachapaji wengine hujaribia rangi kwa picha ya maua au matunda. Yeye alimweka mwanawe, maana ua likipauka kidogo hujui, lakini shavu ulilolibusu miaka yote likikosewa, jicho lenyewe linakataa. Picha ikitoka mbaya aliikunja, akaitupa, na kuiambia mashine kama anayemfunza mwanagenzi mzito, "Bado. Rudia." Ikitoka nzuri alisema, "Hapo sawa," ndipo siku ya kazi ikaanza. Printa hii aliinunua imeshatumika kwingine, na tangu iingie dukani hakuwahi kuiambia sawa hata mara moja; kazi za wateja alizianza hivyo hivyo.

Alisafisha matundu, akachapa ukurasa wa kukagua. Safi. Akachapa kadi ya harusi ya mteja. Safi, na maua yake mekundu pyu. Akachapa Tone tena. Mstari ule ule.

Akamwita Fundi, mtengenezaji wa mashine za mtaa mzima, mtu wa maneno mengi.

"Umeiachia programu ipange rangi, na printa nayo inapanga," Fundi alisema, kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Mafahali wawili zizi moja, dada yangu. Zima mmoja."

Wakazima mmoja. Mstari ulibaki, na sasa wekundu wote ukatoweka: midomo ya Tone ikatoka kijivu, ilhali kichupa cha wino mwekundu kilikuwa kimejaa. Fundi aliiangalia ile picha, akanusa hewa, akakunja vifaa vyake bila mzaha hata mmoja.

"Unasikia harufu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kama nywele zilizoungua."

Mchana huo Tone aliingia dukani akitoka shule. Kwenye paji lake palikuwa na alama nyembamba, iliyopauka.

"Umelalia nini, mwanangu?"

"Sijalala, mama. Nasikia baridi tu hapa." Midomo yake ilikuwa imefifia.

Hofu ikamwingia Mama Rangi, naye akafanya kosa ambalo mchapaji tu angelifanya: alirudi kwenye kompyuta, akaongeza wekundu. Picha ikatoka na mashavu yanayowaka, na kule kitini Tone akaanza kuungua kwa homa, mama akaupunguza wekundu akaona homa ikishuka, lakini mikono ya mtoto ikawa baridi kama sakafu, akaongeza tena, akapunguza tena, analia huku anachapa, na mashine inavuta karatasi na kuhema, inavuta na kuhema, kama mtu anayejifunza kupumua.

Mganga alikuja siku iliyofuata, mama mfupi mwenye miwani. Alisimama kizingitini, akakataa kuingia.

"Aliyemo humo ni jini asiye na uso," alinong'ona. "Wewe umempa wa mwanao kila asubuhi, ukamwambia bado, rudia. Naye amerudia."

"Nimtoeje, mama?"

"Huyu mimi simuwezi, nisikudanganye. Anangoja kitu kimoja, aambiwe amepatia. Usimwambie. Na mtu mwingine asimwambie."

Mama Rangi alizichoma picha zote za majaribio, akakata waya wa umeme kwa mkasi, akaifunika mashine kwa shuka. Tone akakatazwa kukanyaga dukani. Hakuambiwa sababu, mama yake aliona mtoto ana hofu ya kutosha tayari.

Siku chache baadaye, jua la mchana likiwa kali na barabara imejaa watu, shuka lilianza kuinuka na kushuka. Waya ulikuwa umelala sakafuni, umekatika, na bado mashine ilivuta karatasi taratibu, ikahema, ikavuta tena, mpaka karatasi ikateleza kutoka chini ya shuka ikiwa na uso wa Tone usio na mstari, midomo ya moto, shavu lile lile la kubusiwa, hata kile kikovu cha nyusi alichokipata mwezi uliopita, ambacho katika picha ya asili hakikuwepo. Mama Rangi aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Alikimbilia chumba cha nyuma kutafuta kiberiti.

Akiwa huko alisikia viatu vya shule.

"Mama, nimekuja tu kukusalimia," Tone alisema kule mbele. Kisha akaiokota karatasi. "Hii sasa ndiyo sawa. Nimetoka vizuri."

Mama Rangi alirudi mbio. Mtoto alisimama kando ya mashine, anatabasamu, paji safi, midomo myekundu. Karatasi aliyoishika ilikuwa nyeupe pe. Alimkumbatia, akalia, na machozi yakadondokea shavu la mtoto. Akalifuta kwa kidole gumba, na rangi ya shavu ikafuata kidole mpaka kidevuni.

Chini ya shuka kitu kiligonga, polepole, kwa ndani.

"Mama," sauti ndogo ikasema kutoka humo, ikitetemeka kwa baridi. "Huyo bado. Rudia."

Mpaka leo Mama Rangi anarudia. Waya aliunga mwenyewe, wino ananunua kabla ya chakula, na kila asubuhi anafungua ile picha na kuchapa, na karatasi zinatoka nyeupe. Yule mwingine hukaa kitini kando yake, mkimya, anatazama. Maji hayataki, hata ya kunawa uso.