Nyambizi ya Tatu

Zilikuwa zimebaki dakika nne mchezo uishe, na mshonaji wa mapazia alikwisha kupiga hesabu zake. Adui alianza na nyambizi mbili, na zote mbili alikuwa amezizamisha yeye kwa ndege zake. Kwa hiyo alipoona darubini ya nyambizi ya tatu ikichungulia juu ya maji, nyuma ya kisiwa, alidhani ni uchovu wa macho.

"Msumari, unaiona hiyo?"

Msumari alikuwa kinyozi wa mji mwingine. Hawakuwahi kuonana, ila kila mchana, wateja wakipungua, walikutana mtandaoni: kinyozi akiendesha manowari ndogo ya ulinzi, mshonaji akiwa nahodha wa meli kubwa inayobeba ndege.

"Naona maji matupu, dada," Msumari akajibu. "Nyambizi zao zimekwisha. Rudi huku, mwenzako nachakazwa."

Lakini kwenye kioo cha mshonaji ilikuwepo. Ilikuwa ndogo kuliko nyambizi zote alizowahi kuwinda, haina jina la mchezaji juu yake, na haikuwa ikienda popote. Ilizunguka pale pale, ikizama na kuibuka, kama mtoto anayecheza uani. Mshonaji hakuwa mtu wa kuacha windo. Akarusha ndege sita, akazishusha kwa upande wa jua, akaachia yale mabomu yanayozama kwanza ndipo yalipuke. Maji yakaruka juu, yakarudi, yakatulia. Likatandaa doa la mafuta, si jeusi kama ilivyo kawaida, bali la rangi ya kutu.

Masikioni akasikia mlio. Haukuwa wa chuma kinachopasuka. Ulikuwa mwembamba, kama wa kitoto cha paka kilichofungiwa kabatini.

Alama hazikuongezeka hata moja.

"Umepiga nini huko?" Msumari akauliza.

"Hewa," akasema, akacheka.

Nyumba ilikuwa na karakana mbele na vyumba viwili nyuma. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa ameondoka mwezi mmoja nyuma. Kompyuta ile alimnunulia yeye, ili upweke usimle mkewe. Aliyebaki naye nyumbani ni mama mkwe, aliyekuwa kiziwi miaka kumi na mmoja tangu homa kali. Mshonaji alizungumza naye kwa kuandika kwa chaki ya kushonea kwenye kitambaa cheusi, na bibi alijibu kwa mdomo, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Alipenda kusema kwamba Mungu alimpa uziwi ili aishi na mkwe bila kugombana.

Mchana ule, mshonaji alipovua vipokea sauti vya masikioni, bibi alikuwa kwenye kigoda chake akichomoa nyuzi katika pindo la pazia. Akainua kichwa.

"Nani huyo anagonga?"

Mshonaji akasikiliza. Hakukuwa na kitu. Akaandika: *Umesikia?*

"Nimesikia," bibi akasema, kisha akashika mdomo, kwa kuwa alikuwa ameisikia hata sauti yake mwenyewe. "Anagonga huku chini. Chini ya sakafu."

Mtu hukimbilia furaha kwanza. Mshonaji aliita, bibi akaitika. Alikata kitambaa, bibi akalia kwa sababu ya mkasi tu, ule mlio wake mkavu. Walipompigia simu dereva na mama yake akamwambia, "Sema tena, baba, sema chochote," yule mwanamume mzima aliegesha lori kando ya barabara akalia kwa kwikwi. Nani angekwenda kuuliza neema ile imetoka wapi?

Kulipokucha karakana ilinuka bahari. Bahari yenyewe ilikuwa mbali nao, mwendo wa siku mbili kwa lori. Harufu ilichanganyika na dizeli, na mapindo ya mapazia yaliyokuwa yakining'inia yalikuwa na mstari mweupe. Mshonaji aliugusa kwa ulimi. Chumvi. Mchana huo kikohozi kikamshika, na alichotema kwenye leso kilikuwa maji, maji matupu ya chumvi.

Siku ya tatu alifungua mchezo, zaidi ili asikie sauti ya mtu. Ndege zake zilipaa bila amri, zikaenda nyuma ya kisiwa, zikawa zinazunguka juu ya doa lile la rangi ya kutu, ambalo halikupaswa kuwepo kwa maana mchezo ulikuwa mwingine kabisa.

"Dada," Msumari akasema polepole, "uko na nani hapo?"

"Na mama. Amelala chumbani. Kwa nini?"

"Kuna mtu analia karibu na kipaza sauti chako."

Akazima. Na kwa mara ya kwanza akasikia yeye mwenyewe kile ambacho bibi alikuwa akikisikia: ngo, ngo, ngo, chini ya kiti chake, kwa utaratibu, kama mtu anayepapasa kwenye giza akitafuta mlango ulipo.

Cherehani ilipokwama, akamwita fundi wake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na wengi walijua kwamba baba yake alimwachia kisomo cha kutoa mashetani pamoja na sanduku la bisibisi. Alifungua tumbo la mashine. Ukamwagika mchanga wenye maji. Hakushtuka. Alifuta mikono, akauliza kwa sauti ya chini, "Umemwaga maji ya moto mahali bila kutahadharisha?"

"Hapana."

"Umemuumiza nani, basi?"

Akamsimulia juu ya ile nyambizi ya tatu, akiona aibu, maana ilisikika kama upuuzi. Fundi hakucheka.

"Hawa hawachagui nyumba kama sisi," alisema. "Wakiona maji wanaingia, yawe ya kisima au haya ya mwanga kwenye kompyuta yako. Uliyempiga alikuwa na mwenyewe. Sasa mwenyewe amekuja, na amepitia kwa mama. Sikio lililofungwa miaka kumi na mmoja ni chumba kisicho na mtu. Nikimtoa, chumba kitafungwa tena."

Bibi alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yake.

"Na usipomtoa?" akauliza.

Fundi alitazama leso iliyolowa mkononi mwa mshonaji. "Huyu hamalizi wiki."

Bibi akaomba simu, akampigia mwanawe, akamuuliza amekula nini, barabara ikoje, baridi ni kali kiasi gani, maswali yasiyo na kichwa wala miguu, ili tu azungumze. Aliporudisha simu alisema, "Mtoe."

Ilikuwa alasiri, jua limeingia karakana nzima. Fundi alimkalisha bibi kwenye kigoda, akaweka beseni la maji miguuni pake, akaanza kusoma, na mwanzoni hakikutokea kitu isipokuwa mapazia kutikisika bila upepo. Kisha kugonga kukaanza chini ya sakafu, kukapanda ukutani, kukahamia kwenye meza ya kukatia na kwenye miguu ya kigoda, harufu ya dizeli ikawa nzito hata macho yakawasha, na mshonaji akahisi maji yakimpanda kifuani, ya baridi, yakifika kooni, akawa anatapatapa sakafuni kama aliyetupwa katikati ya bahari huku akiliona jua dirishani na kusikia watu wakipita barabarani wakizungumza mambo yao, na katikati ya hayo yote mdomo wa bibi ukafunguka, ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya mama aliyelia mpaka ikamkauka:

"Alikuwa anacheza. Mwanangu alikuwa anacheza tu."

Mshonaji, uso chini, akatapika maji na kusema, "Nisamehe. Sikujua. Nisamehe."

Fundi hakuacha kusoma. Maji ya beseni yakageuka rangi ya kutu. Aliyabeba mpaka mfereji wa nje, akayamwaga, akarudi. Harufu ilikuwa imekwisha. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha bibi, mara mbili. Bibi hakugeuka.

Kifua cha mshonaji kilipona. Aliufuta mchezo, akamwandikia Msumari kwamba amestaafu vita. Wakarudia chaki na kitambaa cheusi, na kila alipoandika aliona haya, kama anayelipia mkate wake kwa fedha ya mwingine.

Wiki mbili baadaye dereva alipiga simu. Mshonaji aliiweka kwa sauti ya wazi, apate kuendelea kupima kitambaa.

"Muulize mama kama bado anapaka dawa ya mguu," mumewe akasema.

Akanyoosha mkono kuchukua chaki.

"Mwambie napaka," bibi akasema. Alikuwa amewapa mgongo, akitazama nje.

Mshonaji akakata simu. "Mama. Tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile. Alirudi akakaa hapa chini ya dirisha, analia. Nikamfungulia." Bibi aligeuka. Uso wake ulikuwa mtulivu. "Usimwite fundi. Tumeelewana. Nilimwambia mimi pia mwanangu yuko barabarani siku zote, nayajua machungu ya mama. Wewe amekusamehe."

"Kwa nini anisamehe?"

"Nimemwahidi atampakata mtoto wetu. Akizaliwa tu, yeye kwanza."

Mshonaji alisimama na tepu ya kupimia shingoni. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe. Mwenyewe alikuwa amejua juzi tu. Polepole mkono wake ukashuka, ukafunika tumbo.