Chumvi Ukingoni mwa Sahani

Sahani ilikuwa tupu.

Anselme aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama tena. Ilikuwa sahani ya bati ya kijani, kama zile nyingine kumi na moja za meli ya Inyange. Saa sita mchana alikuwa ameijaza wali na maharage, akaifunika, akaiweka kwenye rafu ya depo, ghala la meli kule chini, kama alivyofanya kila siku tangu mwezi wa pili. Saa kumi alishuka kuichukua ili akamwage chakula ziwani. Hapakuwa na cha kumwaga, hata punje moja. Ila ukingoni mwa sahani palikuwa na kirundo kidogo cheupe. Akakigusa kwa kidole, akaonja.

Chumvi.

Alidhani ni panya. Lakini panya akimaliza kula hafuniki sahani.

Inyange ilikuwa meli ya wanamaji. Kazi yake haikuwa kupigana. Ilitoka bandari ya Bujumbura ikipeleka mchele, unga, mawese, maji na mapipa ya mafuta kwa askari wanaolinda mwambao wa kusini. Anselme alikuwa mtunza depo wake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Na humo melini chakula kilikuwa na utaratibu wake. Saa sita mtunza depo husimama mlangoni mwa jiko, huita jina, mwenye jina hujibu, "Niko!", kisha hupokea sahani. Hakuna anayegusa chakula kabla ya kuitwa, hata kamanda. Asiyeitika huitwa mara tatu, na sehemu yake hufunikwa na kuwekwa, maana huenda yuko kwenye injini au zamu. Na mtu akiiacha meli kabisa, kwa kuhamishwa au kwa kifo, karatasi huja kutoka ofisini. Siku hiyo jina lake huitwa kwa mara ya mwisho, na wote hujibu kwa pamoja, "Ameshuka!" Baada ya hapo jina hilo haliitwi tena juu ya maji.

Sahani ile ilikuwa ya Landry, mwanawe, fundi wa injini, mwenye miaka ishirini na mitano.

Mwezi wa pili, karibu na Rumonge, upepo uliwakuta. Mapipa ya mafuta yalifunguka kamba, yakaanza kubiringika juu ya sitaha. Kuyafunga ilikuwa kazi ya Anselme. Lakini siku hiyo alikuwa amelala, akamwambia mwanawe, "Nenda we, Landry. Mugongo inaniuma." Landry akatoka akicheka, akisema, "Papa umeanza kuzeeka." Wimbi moja tu. Walimtafuta siku tisa, na ziwa halikurudisha hata kiatu.

Karatasi ilikuja mwezi wa tano. Anselme aliisoma akiwa peke yake, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake, katikati ya Zaburi. Hakumwambia mtu. Wenzake walidhani ofisi imechelewa, kama ofisi zinavyochelewa. Kila mchana aliendelea kuita, "Landry! Landry! Landry!" na wenzake waliinamisha macho.

Sasa akaipeleka ile sahani jikoni kwa Massoudi, mpishi, mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura.

"Massoudi, ni we ulikula hii chakula?"

"Mi?" Massoudi akacheka. "Mzee Anselme, haya maharage nayapika kila siku, mwaka wa sita huu. Unafikiri naweza kuyaiba tena?"

Kisha akaiona chumvi. Kicheko kikakatika.

"Hii umetoa wapi?"

"Ilibaki."

"Ilibaki namna gani? Chumvi mi naitia ndani ya sufuria, inayeyuka. Nani anaweza kuitoa tena?" Akarudi nyuma hatua moja, akataja jina la Mungu kwa kunong'ona. "Mzee, mutu anakula na chumvi yake. Ni wale wengine hawaiwezi."

"Wengine gani?"

"Usiniulize tukiwa juu ya maji."

Kesho yake, saa sita, Anselme aliita majina. Alipofika kwa Landry aliita mara moja, mara mbili, na mara ya tatu sauti ikajibu kutoka chini, kutoka depo, taratibu, kama ya mtu mwenye maji kinywani.

"Niko."

Christa, dada aliyeshika redio ya meli, aliangusha sahani yake. Hakuna aliyeiokota. Wote kumi na mmoja walikuwa pale juu, kila mtu akimwona mwenzake, na depo lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Anselme. Yeye hakuogopa. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alifurahi. Aliacha upawa, akashuka ngazi mbio kama kijana, akafungua mlango, na harufu ikampiga usoni, harufu ya matope ya chini kabisa ziwani, matope ambayo hayajaona jua tangu Mungu ayaumbe, na ndani yake harufu ya mafuta ya injini, ile aliyokuwa akiivua Landry pamoja na shati lake kila jioni. Na juu ya magunia ya unga kulikuwa na nyayo za maji, nyayo za mtu mzima, ambazo hazikuanzia mlangoni wala kwenye ngazi, bali zilitoka kwenye ukuta wa chuma, upande ule ambao nyuma yake hakuna chumba, ni ziwa tu.

Magunia sita ya chumvi yalikuwa yamesukumwa hadi pembe ya mbali, yamefunikwa turubai.

Kamanda alisema kuna mtu anacheza, na akimkamata atamweka ndani siku nane. Lakini hata yeye hakushuka kule chini. Jioni Massoudi alimfuata Anselme, akamnong'oneza.

"Mzee, jina ukiliita kila siku na mwenyewe hayuko, atakuja mwenye hana jina. Atalivaa. Karatasi ya ofisi haijafika?"

"Haijafika," akasema Anselme. Alikuwa mtu wa kanisa, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa rafiki.

Siku iliyofuata sauti iliitika mara ya pili ya kuitwa. Siku ya tatu iliitika mara ya kwanza, na haikutoka depo tena, ilitoka kwenye ngazi.

Siku ya nne walikuwa Nyanza-Lac. Wenzake walikuwa nchi kavu wakishusha mapipa. Anselme alibaki depo peke yake. Jua lilikuwa kali nje, lakini mle chini pumzi yake ilitoka kama moshi. Akauliza polepole.

"Landry. Ni we?"

"Niko, Papa." Sauti ilikuwa nyuma ya magunia ya mchele.

"Toka nikuone."

"Baridi, Papa. Iko baridi sana." Tone la maji likaanguka. "Nyumbani ni wapi? Mi nimesahau njia."

Na baba yule, akilia, akamwelekeza. Mtaa wa Ngagara, kartie ya tano, geti la kijani, nyumba ya pili baada ya bomba la maji. Ndipo ile baridi ikaondoka. Depo likarudia joto lake, na Anselme akajikuta anazungumza na magunia.

Landry aliyajua yale maelezo tangu akiwa na miaka minne. Wazo hilo halikumjia Anselme pale. Lilimjia baadaye, meli ikiwa tayari inarudi kaskazini, na halikumwacha tena.

Siku ya pili yake, karibu na saa sita, alisukuma geti la kijani. Mkewe, Marguerite, alikuwa mlangoni. Kwa miezi mitano mwanamke yule alikuwa amekaa kitandani bila kupika. Leo alikuwa amejifunga kitenge cha njano, na nyumba nzima ilinukia samaki wa ndagala kwa mawese na mboga za lengalenga. Uso wake uling'aa. Chini ya harufu ya chakula kulikuwa na ile nyingine, ya matope.

"Papa Landry, tembea polepole," akanong'ona. "Mutoto yuko ndani anakula."

"Mama Landry, alikuja lini?"

"Jana. Alipiga hodi, nikafungua." Akakohoa, akaziba mdomo, na maji yakapita kati ya vidole vyake, maji mengi, yenye mchanga. Akajifuta kama mtu anayejifuta jasho. Mkononi mwake kulikuwa na alama za vidole, za buluu. "Anasema kesho tuende ziwani, mi na yeye. Anasema kule amenipatia nyumba."

Anselme alitazama chini. Mbele ya mlango wa chumba cha Landry kulikuwa na sahani. Ilikuwa tupu, imefutwa safi, na ukingoni mwake palikuwa na kirundo cheupe.

Akamkumbuka Landry alipokuwa mdogo, nyuma ya mlango wa jiko, analamba chumvi kiganjani, na Marguerite akimfukuza kwa mwiko. Akamkumbuka alipokuwa mtu mzima, melini, Massoudi akimficha kopo la chumvi na kumwambia, "We utakunywa hili ziwa lote kwa kiu." Alimshika mkewe bega, akamwonyesha.

"Mama Landry. Mutoto wetu anaacha chumvi toka lini?"

Marguerite hakutazama sahani. Alimtazama yeye.

"Nimeiona," akasema. "Toka jana nimeiona. Nyamaza."

Nyuma ya mlango kitanda kikalia, kama mtu anayeinuka.

"Papa," sauti ikasema. "Ni saa sita. Niite."

Anselme akapiga magoti. Alisali, lakini maneno yalimtoka nusu nusu. Kisha akafungua begi lake, akatoa Biblia, akatoa karatasi. Marguerite alipoiona alijua ni nini, akamrukia, akaishika.

"Apana! Papa Landry, apana! Ukisoma hiyo, utamuua mara ya pili!"

"Mi ndiye nilimuua mara ya kwanza," akasema Anselme. "Nilimutuma mahali pangu. Alafu nikakataa kusema amekufa, na hiki kitu nikakiita mi mwenyewe, nikakipa chakula, nikakionyesha njia ya kuja kwako. Kesho kitakubeba. Nisaidie. Melini tunasema wote pamoja. Peke yangu siwezi. We ndiye ulimuzaa."

"Papa, niite," ikasema sauti, sasa karibu na mbao, chini kabisa, kama aliye mle ndani amelala kifudifudi na kuweka kinywa kwenye upenyo.

Anselme akasimama.

"Landry!"

"Niko!"

"Landry!"

"Niko, Papa, fungua, niko!"

Maji yakaanza kutoka chini ya mlango, meusi, baridi, yakapita juu ya vidole vya miguu yao, na ndani ya maji kulikuwa na nywele na vipande vya magamba, na mlango ukaanza kuvimba kama ubao uliolala ziwani miaka, na sauti ikawa nyingi, ikawa ya Landry mdogo akilia usiku wa malaria, ikawa ya Landry aliyepata kazi, ikawa ya Landry akicheka siku ya upepo, kila moja ikisema niko, niko, niko, hadi Anselme akatamani kufungua tu mlango, aingie, akumbatie chochote kilichomo na yote yaishe, na ni mkono wa mkewe, uliokuwa bado umeshika karatasi, uliomzuia asiende.

"Landry!" akaita mara ya tatu.

Kabla ya sauti kujibu, Marguerite akafumba macho.

"Ameshuka," akasema.

"Ameshuka," akasema Anselme.

Kikawa kimya. Maji yakasimama, kisha yakanywewa na sakafu. Walipofungua mlango, godoro lilikuwa limelowa hadi chini, lina matope na konokono wadogo wa ziwani, na hapakuwa na mtu. Marguerite akakaa palepale sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Majirani wakasikia, wakaja na viti. Kilio kikaanza siku hiyo, na Jumamosi misa ikasomwa.

Melini Anselme alikiri mbele ya wote juu ya karatasi. Wakaita jina, wakajibu wote kumi na mmoja, "Ameshuka!" na Massoudi akamwaga chumvi kwenye kila kidato cha ngazi ya depo. Sahani ya kumi na mbili ikarudishwa nchi kavu. Kwa wiki mbili walikula kwa amani.

Kisha, mchana mmoja karibu na Rumonge, Anselme akiwa ametoa sahani ya mwisho, sauti iliita kutoka chini. Haikuitika. Iliita.

"Anselme!"

Massoudi alimkamata mkono, akatikisa kichwa.

"Anselme! Anselme!"

Baada ya mara tatu ilinyamaza. Kesho yake ikaita tena, saa ileile. Kamanda alileta padri akanyunyiza maji ya baraka, na Massoudi alileta shehe kutoka Buyenzi akasoma, na kila mmoja alipata siku chache za ukimya. Anselme akaomba kuhamishwa. Ofisi ikasema barua yake imepokelewa.

Nyumbani Marguerite humuuliza, "Imekuita?"

"Ego, imeniita."

"Usiitike."

"Siitiki."

Na kweli, haitiki. Huuma ulimi, hushika upawa, huhesabu pumzi zake hadi ipite. Jina lake mwenyewe ameweza kulivumilia. Lakini juzi, upepo ulipoanza kupiga na kamba za sitaha zikilia, sauti haikutaja jina. Ilizungumza polepole, kwa upole, kama kijana anayemjali mzazi wake.

"Papa," ikasema, "mapipa yamefunguka. Mugongo imepona?"

Anselme aliziba mdomo wake kwa mikono miwili, na upawa ukaanguka. Ukabiringika hadi kwenye ngazi, ukashuka kidato kwa kidato, ukilia. Chini kabisa, ukadakwa.