Soseji Ndani ya Sufuria Yangu

"Nani ametia soseji kwenye maharage yangu?"

Mshonaji alisimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, macho yamemtoka. Alikuwa ameenda dukani mara moja tu kufuata siki. Aliporudi, vipande vyekundu vilikuwa vinaelea kwenye rojo lake.

Mchumba wake, kinyozi aliyezoea kuwatuliza wateja kwa maneno matamu, alijikuna kisogo.

"Vichache tu, mpenzi. Vya kuongeza ladha."

"Ladha ya nani? Mimi sili nyama tangu utotoni, na wewe unajua."

"Mimi najua. Lakini mama..."

"Mama yako ulisema umemwambia! Ukaniapia kwamba hana neno."

Simu ya Kinyozi ikalia mezani, kando ya maganda ya vitunguu. Kabla hajaiwahi, Mshonaji alikuwa ameshaisoma meseji:

"Mwanangu nimeshashuka kwenye basi. Mwambie mkwe nakuja na njaa ya ile nyama yake ya kuoka unayonisifia kila siku."

Mshonaji akaigeuza simu, akamwonyesha.

"Nyama yangu ya kuoka?"

"Niliogopa, mpenzi. Mama anaamini nyumba isiyonukia nyama haina mke. Nikasema tukishaoana atazoea polepole."

"Kwa hiyo umemtafutia mama yako mkwe mwingine, sura tu ndiyo yangu."

Mwingine angeangua kilio. Huyu alikuwa mtu wa kufumua mshono uliokwenda kombo na kuushona upya. Akaipua sufuria, akamkabidhi Kinyozi.

"Hii yako. Kula, gawa, shauri lako. Mimi naanza upya."

"Utawahi kweli?"

"Maharage niliyaloweka jana, nikachemsha mengi. Mengine yapo kwenye beseni, rojo tu ndilo ninalopika tena. Wewe tafuta maneno. Nikifungua oveni, mama yako awe ameshaujua ukweli. Usiposema wewe, nitasema mimi, halafu kila mtu ashike njia yake."

Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomtisha Kinyozi.

Mshonaji akakaanga vitunguu mpaka vikageuka rangi, akatia kitunguu saumu, nyanya za kusaga, sukari guru, haradali na siki. Akaonja, akatikisa kichwa, akazidisha haradali. Rojo lilipokuwa zito akalimimina juu ya maharage, akafunika trei, akaisukuma ndani ya oveni.

Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima mlango ulipogongwa.

"Hodi humu! Mkwe wangu, nyama hiyo nimeisikia tangu barabarani!"

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mshonaji akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama dari.

"Mama, nikuletee maji?" Kinyozi akauliza.

"Lete. Mbona unavuja jasho hivyo?"

"Joto la oveni, mama."

Mshonaji akachukua kitambaa, akashika mlango wa oveni.

"Mama, hakuna nyama!" Kinyozi akaropoka. "Yeye hali nyama, hajawahi kuipika. Nilikudanganya. Na yeye nikamdanganya kwamba unajua. Leo nikamtilia soseji kwa siri, akanifuma."

Mama akamgeukia Mshonaji.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama. Na nikiolewa nitabaki hivi hivi. Mwanao akitaka nyama, jiko lipo na mikono anayo."

Mama akavuta mkoba wake. Kinyozi akamrukia mkono.

"Mama, usiondoke! Kama ni hasira, nikasirikie mimi. Huyu simwachi, hata kama nitakula maharage mpaka nizeeke."

Mshonaji alisikia kifua kikilegea. Tangu asubuhi alikuwa akiyasubiri maneno hayo bila kujua.

"Niachie mkono wangu," mama akasema. "Nani kakwambia naondoka? Natafuta miwani. Nataka nikione chakula kilichokutoa ukweli mdomoni. Mimi nimekulea mpaka ukaota ndevu, sijaweza!"

Trei ikatua mezani, rojo likitokota pembeni. Mama akala mpaka akamaliza sahani. Akajiongezea.

"Chumvi imepungua."

"Haijapungua, mama," Mshonaji akajibu kwa heshima. "Ila kopo la chumvi lile pale."

Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Huyu hababaiki! Nami nilikuwa nahofia utaoa mwoga mwenzio."

Kinyozi akasogea karibu na mchumba wake, akanong'ona:

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ukirudia, utanisikia kwa watu."

"Sirudii."

Mshonaji akamminya vidole chini ya meza, hakuviachia.

Mama alikuwa ameshashika simu.

"Haloo, kaka! Lipige pasi lile koti lako, tunakwenda kuposa... Ndiyo, huyo huyo kinyozi wangu. Amepata wa kumnyoosha!"