Aliyepanda Juu ya Magofu

Jioni ile nilikwenda kupiga picha tu. Ofisi yetu ya utalii hapa Bukavu ilikuwa imeleta puto la hewa moto, ili wageni watazame wanyama wa hifadhi kutoka juu, na bosi alitaka picha za majaribio kabla jua halijazama.

Tulipaa kutoka shamba moja la Mudaka, mimi na rubani wetu, Blanchard. Chini, kaka yangu Venant alitufuata kwa jeep, redio mkononi.

Puto halina injini. Blanchard akizima moto wa gesi, kunakuwa kimya hata unasikia mbuzi akilia chini. Tulivuka mashamba ya chai, tukaingia juu ya msitu. Tumbili wakaruka matawini. Tulikuwa tunacheka.

Halafu magofu yakatokea. Nyumba ya Mbelgiji mmoja wa zamani: mawe matupu, paa limeanguka, miti imeota sebuleni. Nikainua kamera.

Harufu ikanifikia kwanza. Udongo mbichi... kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Kisha sauti ya mwanamke, kutoka ndani ya kuta zile.

"Blanchard..."

Nikamshika mkono. "Usiitike," nikanong'ona. Kwetu, ukiitwa jioni na mtu usiyemwona, unanyamaza.

"Iko sauti ya maman," akasema.

Mama yake, Adélaïde, tulimzika mwaka jana.

"Blanchard... mutoto yangu... unaniacha huku?"

"Hapana, maman," akaitika, akinyoosha mkono kumkaribisha. "Kuya."

Kikapu kikayumba.

Kikalalia upande mmoja, kama mtu mzito amepanda.

Tukaanza kushuka. Blanchard alisimama tu, akiitabasamia kona tupu. Nikavuta mpini wa gesi mwenyewe. Moto ukanguruma, lakini bado tulishuka. Niliona nyasi ndani ya vyumba. Niliona ngazi isiyofika popote. Nikasali Salamu Maria kwa sauti, mkono ukiungua, bila kuachia.

Kikapu kikakwaruza jiwe la juu kabisa la ukuta...

Tukapita.

Redio ikakoroma. Ni Venant.

"Joviale, mulibeba nani tena? Minaona batu batatu."

Sikugeuka.

Tulitua katika shamba la chai, giza likianza. Venant akaja mbio, akachungulia kikapuni, akatazama nyuma yetu, akachungulia tena.

"Wapi ule maman wa kitambaa cheupe?"

Blanchard alishika njia kuelekea barabarani, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, kama anayemvusha mtu mtaro.

Maman Agathe, mzaliwa wa Mudaka, alituambia kwamba kule magofuni hakuna anayekwenda kutafuta kuni. "Kile kintu hakina sauti yake," alisema. "Kinaazimaka ya batu." Tulipomuuliza zaidi, akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda mtaa wa Kasha kumtazama Blanchard. Anaishi peke yake. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, lakini alinipokea kwa furaha. Mezani kulikuwa na sahani mbili, bugali ikitoa moshi.

Nikavuta kiti nikae.

"Hapana pale, Joviale," akasema kwa upole. "Iko mutu."

Nilikuwa bado nimekishika. Kiti kikaanza kuvutwa kutoka mkononi mwangu, polepole, kikarudi mezani.